Baba Mdogo Hakulala Kwangu

Kwenu nyote wa Ifakara, mlioko Mlabani, mlioko Viwanja Sitini, na nyie mliohamia Kibaoni mkajifanya mmehamia mkoa mwingine,

Dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali zenu, mimi hapa London mzima wa afya, na pia kulieleza suala la Baba Mdogo kulala hotelini, maana naona kwenye kundi la familia azimio limeshapitishwa bila mtuhumiwa kusikilizwa. Ujumbe wa sauti wa Shangazi nimeusikiliza wote, pamoja na pale mwishoni alipokuwa anamfukuza kuku. "Mtoto tumemsomesha wenyewe, ana makazi Ulaya, halafu baba yake analala gesti!" Nimekusikia, Shangazi. Hoteli si heshima, umesema, na nimeandika.

Sasa nisikilizeni na mimi. Makazi yangu ni chumba kimoja huku Barking, mashariki mwa London, kwenye nyumba ya wapangaji ambao wote tunagombea choo kimoja asubuhi. Kitanda ni futi tatu. Mlango ukifunguliwa unagonga kitanda, na kitanda kikisogezwa kabati halifunguki. Baba Mdogo alikuwa anakuja na Mama Mdogo kwenye mahafali ya binti yao. Nawauliza, kwa mila za Wapogoro au za kabila lolote mnalolijua bondeni, mimi ningelala wapi? Chini, miguuni pao?

Kwa hiyo ikabidi hoteli. Na huku hoteli haichaguliwi tunavyochagua gesti.

Ifakara mtu anachagua gesti kwa kumwangalia mwenyewe. Unajua ni ya nani, ameoa wapi, jenereta lake linawaka au ni pambo, maji yapo bombani au kwenye ndoo, na ukuta wa pili kuna baa au kuna kanisa la mkesha. Bei imeandikwa ukutani kwa rangi ya mafuta, na ukijulikana ni mtoto wa nani inashuka kidogo. London unachagua kwa rangi. Zambarau ni Premier Inn. Bluu ni Travelodge. Ya chungwa ni easyHotel, ambao wana vyumba vya bei nafuu visivyo na dirisha, na hilo wanalitangaza wenyewe bila aibu. Holiday Inn ni kijani. Ibis wamejigawa wenyewe kwa wenyewe: wapo wekundu, wapo wa kijani, wapo wa bluu ambao ndio wa bei ya chini, hivyo ukichanganya rangi umechanganya na hadhi. Kila kampuni ina matawi mji mzima, na chumba cha tawi hili ni pacha wa chumba cha tawi lile: zulia lilelile, birika la umeme lilelile, picha ileile ukutani. Ndiyo biashara yenyewe hiyo. Mtu akilala leo Stratford na kesho Leeds, akiamka usiku wa manane mkono unaenda moja kwa moja kwenye swichi.

Nikamtumia Baba Mdogo orodha. Akajibu kwa swali moja: "Hiyo ya zambarau ya nani?"

Nikajibu ya kampuni ya Whitbread, iliyoanzishwa mwaka 1742. Akafurahi, watu wa siku nyingi. Akauliza kama tangu enzi hizo walikuwa wakikodisha vyumba. Nikasema hapana, walikuwa wanapika bia. Kimya. Baba Mdogo ni mwenyekiti wa jumuiya, mnamjua, na Jumapili mchana huwa anapatikana wapi mnapajua pia, lakini hadharani msimamo wake kuhusu bia haujabadilika. Nikamweleza kwamba hoteli walizianza 1987 kwa jina la Travel Inn, na viwanda vya bia wakaviuza mwaka 2000. Akasema mtaji hauogi.

Nikahamia Travelodge. Ya kwanza Uingereza ilifunguliwa mwaka 1985 huko Barton-under-Needwood, kijiji kilicho pembeni ya barabara kuu, ili wasafiri wapumzike. "Gesti ya stendi," akasema. Nilitaka kubisha, nikaona kihistoria mzee yuko sahihi.

Holiday Inn ndiyo iliyomwingia moyoni. Mwanzilishi wake, Kemmons Wilson wa Memphis, Marekani, alisafiri mwaka 1951 na mkewe na watoto wao 5, na kila walipolala akatozwa dola 2 zaidi kwa kila mtoto. Akarudi nyumbani amenuna, na mwaka uliofuata akafungua hoteli yake ambako watoto walilala bure kwenye chumba cha wazazi. "Huyo ni mtu!" akaandika Baba Mdogo kwa herufi kubwa. Mara ikaja ya pili: je, binti yetu anayehitimu naye atalala bure? Binti ana shahada ya uzamili. Kwetu mtoto ni mtoto mpaka atolewe mahari, hilo nalijua, ila kompyuta ya hoteli hailijui.

Tufike kwenye bei, na hapa naomba wauza mpunga wote msogee karibu. Mnajua mwezi wa sita, mavuno yakiwa yamejaa uwanjani, gunia linavyoshuka mpaka mtu anatamani kulia, na mnajua linavyopanda Januari wakati ghala limebaki panya. Basi chumba cha London ndivyo kilivyo, ila misimu yote hiyo wameikusanya ndani ya wiki moja. Kule City, kwenye mabenki, bei iko juu Jumatatu hadi Alhamisi wakati watu wa suti wamejaa, ikifika wikendi wamerudi kwa wake zao na bei inalegea. Ukisogea upande wa maduka na majumba ya maonyesho, wikendi ndiyo inakuwa Januari. Na mahafali ya binti yalikuwa Julai, mwezi ambao Wimbledon wanacheza tenisi, vyuo vinatoa shahada, na watalii wa dunia nzima wamepewa likizo.

Asubuhi moja nikapata chumba pauni 79. Nikamwandikia Baba Mdogo, yeye yuko shambani ng'ambo ya mto ambako mtandao unakuja kwa hiari yake. Akajibu jioni: chukua. Nikafungua, pauni 104. Nikamwambia. Akauliza, "Umewaeleza kwamba tunatoka Ifakara?" Mzee alitaka niombe punguzo, na si kosa lake, maana maisha yake yote hajawahi kulipa bei ya kwanza. Lakini unambembeleza nani? Hakuna mtu. Ni kompyuta inayohesabu vyumba vilivyobaki na watu wanaovitafuta, haina mke, haina mkwe, haijui kwamba nauli ya safari hii imetoka kwenye mpunga uliouzwa mwezi wa sita. Kuanzia hapo kila pauni iliyopanda Baba Mdogo aliigeuza madebe na kunitumia jumla.

Halafu kuna bei mbili kwa chumba kilekile. Ya chini ukishalipa hairudi hata ukifa. Ya juu unaweza kughairi. Kwa mtu mwenye pasipoti ya Uingereza ni suala la ubahili tu, kwa mtu anayesubiri viza akiwa Ifakara ni kamari: lipa ya chini, viza ichelewe, umewafadhili Wazungu. Tukalipa ya juu. Mkiwaona watu wa kwetu wanalala ghali huku msidhani ni majivuno.

Hatimaye tulichagua. Rangi siitaji, maana yanayofuata yakisomwa vibaya yanaweza kuonekana malalamiko, na watu hawa wana wanasheria. Nitasema tu kwamba nilichoangalia mwishowe si zulia wala kitanda, ni mabegi. Mama Mdogo alikuja na mchele wa kutosha msiba, na tangu mwaka 2023 kuna treni ya Elizabeth inayotoka uwanja wa Heathrow mpaka Stratford bila kubadilisha. Kwa ushauri wangu, mtu akiwa na mzee na mchele, achague treni kwanza, hoteli itajichagua yenyewe.

Tukaingia. Hakuna kaunta. Kuna mashine imesimama wima inatazama mlango. Nikaanza kubofya. Baba Mdogo akasimama pembeni, ameshatoa kalamu mfuko wa shati, anasubiri kitabu cha wageni. Jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, saini. Nikamwambia hakuna kitabu. Mashine ikaomba namba ya usajili wa gari. Baba Mdogo akanitazama muda mrefu.

"Hawajauliza ninakotoka," akasema. "Nikifa usiku huu wananipeleka wapi?"

Hapo ndipo kijana mmoja aliyekuwa anapanga viti mgahawani akageuka. "Karibu baba," akasema. "Munatoka wapi?"

Mkongomani. Mtu wa Bukavu. Baba Mdogo akarudisha kalamu mfukoni, akamshika mkono, na pale pale, katikati ya njia, watu na masanduku yao wakimzunguka, akajiandikisha kwa mdomo: jina lake lote, Mpogoro, mkulima na mwenyekiti wa jumuiya, anatoka Ifakara, anakwenda Ifakara, amekuja kwa ajili ya mtoto. Kijana akasikiliza mpaka mwisho, kisha na yeye akajieleza mpaka kwa babu. Mama Mdogo akauliza kuhusu vita. Nilikuwa nimeshika kadi ya mlango muda wote huo na lifti imekuja na kuondoka. Tangu siku hiyo Baba Mdogo hakuita hoteli ile kwa jina lake tena. Alikuwa akimpigia simu binti yake: "Tupo hapa kwa Mkongo."

Mliokuwa mnauliza habari ya chandarua, ni kweli. Alikuja nacho kwenye begi. Watoto wa siku hizi hamkumbuki, lakini bonde letu ndilo lililofanyiwa majaribio ya kuuza vyandarua vyenye dawa miaka ile ya 1990, mradi wa KINET, vyandarua vya Zuia Mbu, na watafiti wa pale Ifakara wakaonyesha dunia kwamba vinaokoa watoto. Baba Mdogo alinunua chake enzi hizo na tangu hapo hajalala nje ya chandarua, hata Dar kwenye kiyoyozi. Nilirudi kutoka kuwanunulia maji nikamkuta juu ya kiti, viatu kavua kwa adabu, kamba ya katani mkononi, anakifunga kwenye kitu kidogo cha chuma kilichochomoza darini.

"Ndoano wameweka," akaniambia, "ila fupi."

Mama Mdogo alikuwa anashikilia kiti. Nikamweleza polepole, nisije nikamshtua, kwamba ile si ndoano. Ni bomba la kuzimia moto, likivutwa vibaya linaweza kumwaga maji chumba kizima. Akashuka. Akaketi kitandani akifikiri.

"Maji wameyaweka darini," akasema, "na bafuni hakuna ndoo?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Ndoo nilimnunulia, na Mama Mdogo akalitatua la chandarua kwa kukitandaza juu ya lile shuka nene lao, kisha wakaingia chini ya vyote viwili, Julai, joto la mwaka ule, dirisha lenyewe linafunguka upana wa kiganja.

Kifungua kinywa kilikuwa cha kula utakavyo. Baba Mdogo alipoona maharage alisema kumbe hawa ni watu. Akaonja. Akaweka kijiko chini, akamwita kijana wa Bukavu, akamwambia kwa sauti ya chini, ili mpishi asiaibike, kwamba kuna mtu kakosea akatia sukari. Kijana akamwambia ni hivyo makusudi. Mzee ametoka sehemu ambayo miwa inaonekana mpaka upeo wa macho, Kidatu yote, na hajawahi kuona mtu akiwaza kuitia kwenye maharage. Soseji alikula. Mayai alikula. Kile kipande cheusi alikisukuma pembeni baada ya kuambiwa ni damu ya nguruwe. Mama Mdogo yeye aliuliza kama kufungasha chakula kunakatazwa. Nikatazama ukutani, hakuna bango. Akafungua kanga.

Mahafali yalikwenda vizuri, picha mmeziona. Jambo moja picha hazikuonyesha: siku ya kuondoka, kijana wa Bukavu alikuwa zamu ya mchana, akaja asubuhi hiyo kwa gharama zake kuwaaga. Mama Mdogo akamwachia mchele. Mimi nilipata uliobaki.

Sasa nasikia Baba Mdogo tangu arudi anahadithia kila msiba. Nasikia ameshawaambia wa Mang'ula kwamba birika linachemsha kwa dakika mbili, na taulo chafu ukilitupa chini linabadilishwa lenyewe. Na nasikia, Shangazi, kwamba mwakani na wewe unakuja, na umemuuliza kaka yako kisirisiri kama kwa Mkongo bado kuna nafasi.

Shangazi yangu mpendwa, usihangaike. Wewe unakuja peke yako na kitanda changu cha futi tatu kinakutosha kabisa, mimi nitahamia kwa rafiki mtaa wa pili. Zamu ya choo nimekuombea ya saa kumi na moja alfajiri, kabla wengine hawajaamka. Ndoo ya Baba Mdogo ipo. Na ule ujumbe wako wa sauti nimeuhifadhi, pamoja na kuku.

Wenu mtiifu,
wa Barking