Sifa za Bwana Sofa

Wenye mbwa wa kubeba kwapani waendelee kujisifia. Mimi namsifu Great Dane, mbwa ambaye akiingia sebuleni, watu ndio wanaotafuta pa kukaa.

Wajerumani walimkuza kwa ajili ya kuwinda nguruwe mwitu. Wa kwetu, hapa Arusha, humkimbia paka wa jirani. Nani aseme hayo si maendeleo? Ukali umemtoka, umebaki ukubwa mtupu, nao unatosha. Kijana wa bodaboda anayeleta mtungi wa gesi huishia getini: "Mama, huyo mmemfunga?" Hajafungwa. Amelala chali jikoni, nasi tunamruka na sufuria mkononi. Lakini siri hiyo haitoki nje.

Malezi yake ndiyo usiseme. Mkia uko usawa wa stuli, kwa hiyo tumeachana na anasa ya vikombe vya udongo. Chai tunanywea vya bati. Ugali hauachwi mezani hata dakika, maana yeye haruki kuufuata, anageuza shingo tu. Watoto walioshindikana kwa maneno siku hizi wanatoa vyombo mapema.

Na udenda! Wasiojua huuita uchafu. Akimaliza kunywa maji huja kujipangusa kwenye suruali yako, ile ya kanisani, kisha hutikisa kichwa, uzi mmoja ukapaa na kuning'inia kwenye picha ya harusi, juu ambako hakuna mtoto aliyewahi kufika na kalamu yake.

Kwa daktari wa mifugo ni mteja wa heshima. Dawa ya minyoo hutolewa kwa uzito, mara nyingi kidonge kimoja kwa kila kilo 10: kijibwa cha jirani hupewa nusu, wetu saba. Akishiba hakimbizwi, kwani tumbo la mbwa wa kifua kirefu laweza kujaa gesi, likajipinda na kumuua kwa saa chache. Usingizi wa mchana kwa agizo la daktari: waziri gani anao?

Lawama ninayo moja. Zeus wa Michigan, sentimita 111.8 begani, aliyeandikwa na Guinness kuwa mbwa mrefu kuliko wote, alikufa mwaka 2014 akiwa na miaka 5, na wenzake wengi hawavuki 10. Ndiyo maana tumeanza kuulizia mtoto wa pili, na fundi sofa ameshapewa taarifa.