Ukitaka Chumba Kizunguke

Umeahidi kwamba watazamaji wataingia sebuleni kwa bibi, mlango ufungwe, kisha sebule nzima igeuke taratibu mpaka dirisha litazame bahari ya rangi na taa. Hongera. Muite fundi leo hii, umchoree duara nyuma ya risiti, umwambie ni kazi ndogo tu, jukwaa la upana wa mita 10. Akiuliza litabeba watu wangapi, mcheke.

Swali lake lina hesabu, lakini hesabu huharibu usanii. Duara hilo lina eneo la mita za mraba 78 na ushei. Pale umati unapoweza kubanana, wahandisi hukadiria kilo 500 hivi kwa kila mita ya mraba. Kazi ndogo yako basi inatakiwa kuhimili tani 39, na kabati la bibi bado halijaingia. Tena umati hautulii ulipowekwa: dirisha likifunguka, wote watasogea upande mmoja na simu zao.

Magurudumu yafunge chini ya jukwaa, kama ya toroli. Yatadunda kwenye kila kiungo cha sakafu, na sakafu ya ukumbi haijanyooka tangu ijengwe. Waoga huyapindua: huyafunga sakafuni yakiangalia juu, huyasawazisha moja moja kwa vipande vya bati mpaka pimamaji itulie, huhakikisha kila ekseli imeelekea kitovu cha duara, ndipo jukwaa likapita juu yake kimyakimya. Kazi hiyo inachosha. Wewe kodi spika kubwa.

Nyaya za taa zipitishe katikati, uzungushe upande uleule usiku kucha, uone zitakatika saa ngapi. Wenye pesa huweka pete za shaba za kupitishia umeme. Wasio nazo huzungusha kwenda na kurudi.

Kasi? Mzunguko mmoja kwa dakika unaonekana mzaha ukikaa katikati. Ukingoni ni nusu mita kila sekunde, na ukingoni ndiko mzee anaposhukia, mguu mmoja sebuleni, mwingine duniani. Breki usizifikirie mapema. Kitufe chekundu kikibonyezwa, jukwaa likifunga ghafla, litasimama peke yake. Wageni wataendelea na safari.

Kulikuwa na wajanja waliokwepa karibu yote haya. Mwaka 1894, kwenye maonyesho ya San Francisco, watu waliingia chumbani wakaketi kwenye bembea kubwa. Bembea ilisukumwa kidogo tu. Kilichoyumba, kikazidi kuyumba, mwisho kikapinduka kabisa, ni chumba. Waliokaa walishikilia viti kwa nguvu zote, wakiamini wao ndio wamening'inia kichwa chini. Mwanafizikia Robert W. Wood alikuwemo akiijua siri, na bado tumbo lake halikukubali kuelimishwa.

Ukiiga hao, mota yako haibebi tena uzito wa umati, na hakuna wa kushuka ukingoni. Deni lako linahamia kwenye misumari. Kule samani zote zilifungwa, na taa iliyoonekana ya mafuta ilikuwa balbu ya umeme, maana mafuta hayaigizi. Basi gongomea meza, gundisha kikombe mezani, kijiko ndani ya kikombe. Halafu, dakika chache kabla ya wageni, panda ukague juu ya kabati: fundi rangi ameacha bisibisi.