Jinsi ya Kuigeuza Klasi Kuwa Shamba la Bibi

Umepewa kazi ya kuandika mfumo wa SACCOS ya mtaani kwenu, bosi anautaka Ijumaa, na wewe unataka uonekane fundi. Tulia, ndugu yangu. Wenye vitabu watakwambia kila obijekti iwe na vitu vyake: mwanachama na salio lake, mwanachama na michango yake. Kilicho cha wote, kwa mfano kiwango cha riba au idadi ya wanachama, ndicho kikae kwenye klasi yenyewe, nakala moja tu, kila mmoja aione. Mpangilio mzuri, ila unakulazimisha kufikiri. Sisi tunatupa kila kitu kwenye klasi, apitaye achume, na siku mambo yakiharibika hakuna wa kushikwa.

Hatua ya 1: Anza na orodha

Kama unatumia Python, andika michango = [] moja kwa moja chini ya jina la klasi, nje ya __init__. Mstari mmoja, umemaliza. Sasa mama muuza vitumbua akiweka shilingi 50,000, dereva wa bodaboda ambaye hajaleta hata senti ataikuta hiyo 50,000 kwenye michango yake, maana orodha ni moja na wote wameishika. Wala hatalalamika. Ni hitilafu chache sana zinazoshangiliwa na nusu ya wateja.

Ila siku ya kumwonyesha bosi, usijaribu kwa orodha. Jaribu kwa namba. Weka salio = 0 kwenye klasi, kisha ndani ya methodi andika self.salio = self.salio + 50000. Python itasoma salio la klasi, halafu itamwandikia mwanachama huyo salio lake binafsi. La klasi litabaki sifuri na wengine hawataguswa. Bosi atatikisa kichwa kwa kuridhika. Kumbe self.michango.append(50000) haimwandikii mtu chochote kipya, inachomeka tu ndani ya ile ile orodha ya wote. Kwa hiyo onyesha namba, peleka orodha. Akitokea mjuaji wa kuuliza, mwambie ndivyo Python ilivyo. Hapo hata uongo hujasema.

Hatua ya 2: Bandika static mpaka kompaila inyamaze

Hii ni ya watu wa Java. Methodi ya main huwa static, yaani ya klasi yenyewe, kwa sababu programu huanza kabla hakujaundwa obijekti yoyote. Ukiita methodi ya kawaida kutoka humo, kompaila itakugombeza. Mwenye subira angeunda obijekti kwanza. Wewe bandika static kwenye methodi. Itagomba tena, safari hii kuhusu kigeu. Bandika na hapo. Baada ya robo saa utakuwa na programu isiyo na obijekti hata moja, na kwenye CV utaandika kwamba wewe ni bingwa wa obijekti. Java 25, iliyotoka 2025, inaruhusu main isiyo static. Habari hiyo usiisambaze.

Hatua ya 3: Namba za stakabadhi

Tunga kigeu static cha namba ya stakabadhi, na kila malipo yakiingia kiongeze kwa ++. Kwenye kompyuta yako, ukiwa peke yako saa nane usiku, kitahesabu bila kosa. Utamu unaanza SACCOS ikifungua dirisha la pili. Ile ++ ni kazi tatu: kusoma, kuongeza, kuandika. Malipo mawili yakigongana, yote yanasoma 41, yote yanaandika 42, na watu wawili wanaondoka na stakabadhi namba 42. Seva ikizimwa na kuwashwa, hesabu inaanza upya. Wakinunua seva ya pili, kila seva inakuwa na klasi yake na hesabu yake, na hazijuani.

Ukitaka kunogesha, chukua SimpleDateFormat moja, iwe static, kila ombi liitumie. Haikuundwa kutumiwa na wengi kwa wakati mmoja, kwa hiyo tarehe zitaingiliana na mkopo wa Machi utaiva Januari. Tangu Java 8 ya mwaka 2014 kuna DateTimeFormatter isiyo na tatizo hilo. Jifanye hujaisikia.

Lawama zote zipeleke kwa mtandao. Ukisema mtandao unasumbua, nani atadai ushahidi?

Hatua ya 4: Kwenye kikao

Wenzako wataukagua msimbo wako. Usibishane, taja majina. Sema kigeu chako ni Singleton, imo kwenye Design Patterns, kitabu cha 1994. Wakizidi, wapeleke Oslo, kwa Dahl na Nygaard, walioleta klasi kwenye Simula 67. Kisha wapandishe hadi Smalltalk-80, ambako klasi yenyewe ni obijekti na methodi zake hurithiwa na kubadilishwa kama nyingine. Usiwaambie kwamba methodi static za Java haziko hivyo: klasi ndogo ya akaunti za vijana ikiandika kokotoaRiba yake, kigeu kilichotangazwa kwa aina ya klasi mama kitaita ile ya mama, hata kama kilichomo ni akaunti ya kijana. Vijana watalipwa riba ya wazee na kikao kitakuwa kimeshakwisha.

Majaribio nayo yaendeshe moja moja. Yakiendeshwa pamoja, la kwanza linaacha uchafu kwenye klasi na la pili linaukanyaga.

Hatua ya 5: Ondoka vizuri

Ondoka kabla ya ile seva ya pili kununuliwa. Lakini kumbuka git blame huonyesha jina la mtu kwenye kila mstari, na jina lako limejaa kuanzia juu hadi chini. Mwite mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo. Mwambie, kwa upole kabisa, "Dogo, hebu panga vizuri nafasi za mwanzo wa mistari kwenye faili hili, ni kazi ya heshima." Akiisukuma kazi yake, mistari yote aliyoigusa inasoma jina lake. Mnunulie soda. Kisha omba asiwepo ofisini mtu anayejua kuongeza -w kwenye amri hiyo, maana -w haihesabu nafasi tupu, na itakurudisha wewe pale pale.