Jinsi ya Kutulia Likasi, Mji Usiponyamaza

Amka saa kumi na moja alfajiri. Tandika mkeka, na juu yake kitenge kizito. Likasi, mji wetu wa madini huku Kongo, uko zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, na kipupwe kikiingia sakafu ya saruji hupenya hadi kwenye mifupa. Siku ya Yoga Duniani, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2014, huangukia tarehe 21 Juni, baridi ikiwa imekolea. Vaa soksi.

Kabla ya kufumba macho, waarifu watu wa nyumbani. Mkao unaofunga mazoezi ya yoga huitwa kwa Kisanskriti shavasana, yaani mkao wa maiti: unalala chali, viganja juu, husemi, hutikisiki. Baba akikutwa hivyo sakafuni gizani, mama atapiga yowe, majirani watajaa uani, na mwenye bidii kuliko wote ataanza kuchangisha fedha za matanga. Waeleze tangu jana yake jioni. Mtoto wa mwisho mweleze mara mbili.

Sasa kaa. Vuta pumzi puani ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita. Upepo ukileta harufu ya kiberiti kutoka upande wa viwanda vya Shituru, funga dirisha, acha kuvuta pumzi ndefu, ngoja upepo ugeuke. Mapafu uliyonayo ni hayo hayo.

Utasikia kelele. Kesha la maombi la jirani halijaisha na kipaza sauti bado kina nguvu. Malori ya shaba kutoka Kolwezi yanateremka kuelekea Lubumbashi. Walimu wengi watakwambia utafute mahali pa kimya. Usipatafute. Mji huu uliwahi kunyamaza, nami siutamani ukimya ule. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilidorora katika miaka ya 1990, mishahara ikakatika miezi kwa miezi. Kisha, kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatolewa kazini kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, ukaitwa kuondoka kwa hiari. Wazee walikaa barazani asubuhi nzima, mikono mapajani, wametulia tuli. Hapakuwa na amani hata chembe.

Basi lori likija, lisikilize tangu linapoanza kunguruma mbali, linapobadilisha gia, mpaka mlio wake uishe kabisa masikioni. Usiharakishe kulisahau. Malori matatu yakipita hivyo, mabega yatakuwa yameshuka yenyewe.

Akili itatoroka. Itakwenda kwenye ada ya shule, kwenye bei ya unga wa bukari, kwenye deni la dukani. Usiikemee. Neno yoga lina asili ya kufunga nira, na mwenye ng'ombe mwema hamchapi kila anapogeuza shingo. Humrudisha mstarini kwa upole, hata mara mia.

Katikati ya utulivu huo utasikia, "Odi!" Ni jirani, moto wake umezimika. Usijifanye umelala. Inuka, mchagulie vipande viwili vya makala vilivyoiva vyekundu, muulize watoto wameamkaje, mama mkwe kikohozi kimepungua? Ngoja ajibu yote. Kisha rudi mkekani. Pale ulipoketi patakuwa bado na joto.