Gari Lililomsonya Mama Mkwe

Mama mkwe alikaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, kikapu cha maembe katikati ya miguu. Tulikuwa tunatoka Kimara kwenda Magomeni kwa binti yake mwingine. Karibu na Ubungo foleni ikatubana, nikaachia mafuta ghafla, na gari likatoa sauti: "Pssyuuu!" Ndefu, yenye dharau, kama ya mtu aliyekumbushwa deni mbele ya wageni.

Mama akageuka taratibu, akanitazama mdomoni.

"Baba, umenisonya?"

"Hapana, mama. Ni gari."

"Gari lina meno?"

Hapo ndipo ningepaswa kumweleza habari za valvu ya kupumulia, lakini jaribu wewe kumweleza mama mkwe habari za valvu ukiwa umeshatuhumiwa.

Mambo yalianza na uchovu wa gari. Forester yangu ya turbo ilitoka Japani ikiwa imeshatumika, na ina lile tundu la hewa juu ya boneti. Kusema kweli nililinunua tundu. Gari lililobaki nililichukua kama nyongeza. Kwa miezi miwili ya kwanza nilipanda kutoka Ubungo kwenda Kimara kifua mbele. Wa tatu, nikapitwa na Noah iliyofungwa godoro juu. Mafuta yakaanza kuisha haraka, na nyuma moshi mweusi kama wa jiko la kuni mbichi.

Nikampelekea fundi wangu. Akafungua boneti, akasikiliza, akanyoosha kidole kwenye valvu kama shahidi mahakamani.

"Bosi, springi ya hii imechoka. Turbo ikijaza upepo, inafunguka yenyewe. Unavuja."

Kwa asiyejua, turbo ni konda wa daladala. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha kigurudumu kimoja, nacho huzungusha kingine kwenye mhimili huohuo, na hicho cha pili hushindilia hewa ndani ya injini kwa mizunguko inayoweza kupita 100,000 kwa dakika. "Sogea nyuma, nafasi ipo!" Sasa dereva akiachia mafuta, mlango wa injini unafungwa, lakini konda hana habari, bado anasukuma. Valvu ya kupumulia hufungua kijimlango cha pembeni, abiria wakatoka kistaarabu na kurudishwa mwanzo wa foleni. Kijimlango hicho kikilegea, abiria wanatoroka safari ikiendelea, na nguvu inapotea. Kwa hiyo fundi hakusema uongo. Alichokosa ni kupima. Na mimi sikumwomba apime, kwa sababu usiku uliotangulia nilikuwa nimeangalia video tatu na kulala nikiwa mhandisi.

Tukaanza na washa. Fundi aliifungua valvu, akapachika washa tatu juu ya springi ili ikaze. Ikakaza kuliko fundi mwenyewe anapodaiwa chenji. Kijimlango kikagoma kabisa, na kila nikiachia mafuta hewa iliyokosa njia ilirudi kukipiga kigurudumu cha turbo: tu-tu-tu-tu-tu. Sauti hiyo vijana wanaipenda sana. Turbo haiipendi hata kidogo. Jirani yangu anayefuga njiwa alitoka nje jioni mbili mfululizo kuwahesabu.

Ndipo nikaenda Ilala, kwenye spea, nikarudi na valvu ya bati linalong'aa, rangi ya buluu, shilingi 180,000. Muuzaji aliniambia ni ya mashindano. Mashindano ya nini, sikuuliza. Hii hairudishi hewa kwenye foleni. Inaitupa nje barabarani, na huko ndiko kusonya kulikotoka. Bomba la kurudishia hewa likabaki wazi, tukaliziba kwa kigunzi kilichovikwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Usicheke. Vigunzi vimeziba vibuyu na madumu mengi tu, na havijawahi kulalamikiwa.

Lakini gari langu lina kipimo cha hewa pale mwanzoni kabisa, kabla ya turbo. Kila hewa inayopita pale inaandikwa, na kompyuta inamimina petroli kwa hesabu hiyo. Ni kama mama ntilie aliyehesabu wateja kumi mlangoni, akapakua sahani kumi, kumbe watatu wametokea mlango wa nyuma. Chakula kinabaki. Petroli iliyokosa mlaji ilikwenda kulipukia kwenye ekzosi, na injini ikawa inazima kila nikifika kwenye mataa.

Na wema wa watu wa Dar! Sijawahi kuhurumiwa kiasi kile. Kila bodaboda aliyesikia "psss" alinifukuzia hadi dirishani: "Mzee, tairi linatoa upepo!" Nilikuwa nainua mkono na kusema, "Asante, ni valvu." Kwenye kituo kimoja dada aliyekuwa akisubiri daladala aligeuka akidhani ninamwita, akanisonya yeye kwa mdomo wake. Msonyo wake ulikuwa bora zaidi.

Basi siku ile, tulipofika Magomeni, gari likasonya, likapiga "Paa!" kwa nyuma, likazima. Mama akataja majina ya Mungu yote aliyoyakumbuka. Tukalisukuma hadi kwa kijana wa kuziba pancha. Nikamsimulia yote, washa, kigunzi na buluu. Akanisikiliza, kisha akauliza swali moja.

"Sabuni mmepaka?"

Hatukuwa tumepaka sabuni.

Akachukua kizibo cha bomba la maji, akakitoboa, akapachika valvu ya tairi, akakibana kwenye mdomo wa bomba linaloingia kwenye turbo. Akajaza upepo kwa kompresa, taratibu, haukuzidi psi 10, huku akipaka povu kila kiungo. Chini ya kipoza hewa, kwenye mpira unaoshika bomba lenye umbo la Y, mapovu yakachemka kama uji. Klipu imelegea. Shilingi 2,000.

Valvu ya zamani, ile ya plastiki, nilikuwa nayo kwenye buti nimeifunga gazeti. Akatoa zile washa, akairudisha mahali pake, akang'oa kigunzi, akajaza upepo tena, akapaka tena. Hakuna hata povu moja. Springi ilikuwa nzima siku zote.

Mama mkwe, aliyekuwa kwenye benchi akimenya embe, akamkatia kijana kipande kikubwa. "Wewe umeoa?" akamuuliza.

Sasa gari linapanda Kimara kimya, na ile ya buluu mwanangu anawekea kalamu. Jumapili iliyopita nilimchukua mama tena. Pale Manzese bodaboda akatufukuzia, akagonga kioo. "Mzee, tairi la nyuma linatoa upepo!" Nikainua mkono kwa uzoefu wangu wote. "Asante, ni valvu!"

Tulikwenda kama mita mia mbili hivi.

"Baba," mama akasema, ameshika kikapu kisiteleze, "mbona mimi nakulalia?"