Sifa za Trela Linalovuja

Watu wa pwani tunajua uzito wa nasaba, kwa hiyo nianze na ukoo. Mwaka 1968, mjini Winnipeg, Kanada, bwana mmoja aitwaye Ray Olecko alitoa trela dogo la kupigia kambi, lenye urefu wa futi 13 na umbo la yai, la faibaglasi, vipande viwili vilivyounganishwa kiunoni. Akaliita Boler. Kabla ya hapo Olecko alikuwa amebuni tangi la faibaglasi la kukusanyia maji machafu ya choo, na ni ufundi ule ule uliomfikisha kwenye trela. Yaani babu yake Boler ni karo la choo. Wapo mabwana wanaojinasibu na Shirazi ambao hawawezi kuonyesha shajara yenye uhakika kiasi hicho.

Ndugu wenye hadhi wapo pia. Yupo Road Chief wa mwaka 1934, kazi ya Hawley Bowlus, mjenzi wa ndege zisizo na injini. Yupo Airstream wa Wally Byam, mwili wake wote alumini inayong'aa, ambaye leo huwezi kumgusa bila kwenda kwanza benki. Hao siwasifu, wana wa kuwasifu. Ninayemwinua leo ni yule wa chini kabisa: trela dogo la vijiti na bati jembamba, lililoundwa Marekani miaka ya 1950 na 1960 kwa ajili ya familia zisizoweza kulipia hoteli, likavutwa ziwani majira machache ya joto, kisha likaachwa nyuma ya ghala watoto wakakua, wakaoa, wakazeeka. Trela hilo linavuja. Hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza, na zilizobaki zote zimezaliwa humo.

Tazama jinsi lilivyoumbwa kwa ajili ya kazi hiyo. Kiunzi chake ni vipande vyembamba vya msonobari vilivyoshikizwa kwa pini na misumari. Upande wa ndani pana plaiwudi nyembamba, upande wa nje bati la alumini, na katikati pana giza. Bati la ubavuni linapokutana na bati la paani, juu ya maungio hupitishwa utepe wa chuma chepesi uliofungwa kwa skrubu mfululizo, na chini ya utepe huo ulimbo wa kuzuia maji. Ulimbo ukishakauka, kila skrubu inageuka mlango. Maji huingilia darini kwenye tundu la hewa, yakateremka ukutani bila haraka, yakapumzika juu ya ubao, yakaendelea, hatimaye yakatokeza sakafuni upande usiohusika kabisa. Ukiona doa jeusi chini ya dirisha, dirisha la watu halina kosa. Sijui serikali ngapi zingetamani kipaji hicho cha kutenganisha tatizo na chanzo chake.

Na ubao unapooza, unaoza kwa staha. Plaiwudi ya ndani inabaki na sura yake, bati la nje linabaki na sura yake, na baina yao kiunzi kimeshakuwa unga. Nyumba ya tope ikichoka hukuonyesha ufa, ukajua la kufanya. Trela hili lina adabu zaidi: halikusumbui na habari mbaya mpaka uwe umeshalilipia.

Shemeji yangu, mume wa dada, anaishi Minnesota. Alinunua moja la namna hiyo kwa mzee aliyemhakikishia kwamba linahitaji kupakwa rangi tu. Mzee hakusema uongo. Rangi ilihitajika, sambamba na kuta, dari, sakafu, nyaya za taa, matairi na ekseli. Lilipofikishwa nyumbani juu ya lori, dada alitoka nje akalizunguka, akachungulia ndani, akakuta panya wamejenga kwenye godoro kwa vizazi kadhaa.

"Baba watoto," akasema, "msimu wa baridi umekaribia, naona umetununulia kuni."

"Hii ni historia, mke wangu."

"Basi tutaichoma historia."

Hawakuichoma. Wiki iliyofuata dada mwenyewe ndiye aliyerudi na kopo la rangi ya feruzi.

Hapa nafika kwenye muujiza. Kila fundi atakuambia uzibe kwanza, upambe baadaye. Ni ushauri wa busara, na sijapata kumwona mpenzi wa trela anayeufuata akiwa ameshashika brashi. Shemeji na dada walianza na rangi: nusu ya chini feruzi, nusu ya juu nyeupe, katikati mstari uliopinda pembeni kama desturi ya matrela hayo inavyotaka. Sakafu wakaiwekea vigae vya vinaili vyeusi na vyeupe, drafti kamili. Makabati wakayapiga vanishi ya rangi ya asali mpaka ukaona uso wako. Wakatafuta sahani za melamini zilizotumika zama za Rais Eisenhower, wakazipanga kwenye rafu zisizo na kizuizi, kwa hiyo trela likisogea hatua moja zote hushuka kusalimia. Wakatundika vibendera vya pembetatu na taa ndogo ndogo. Mvua ya kwanza ilipokuja, maji yaliteremka juu ya taa hizo yakametameta vizuri sana.

Kisha wakaleta heroe wawili wa plastiki, wa waridi, wakawachomeka mchangani mbele ya mlango. Ndege hao walibuniwa mwaka 1957 na Don Featherstone kwa kiwanda kimoja cha Massachusetts, na trela la zamani bila wao huhesabika uchi. Nilipoonyeshwa picha nilitaka kucheka, maana sisi tuna heroe wa kweli wanaozaliana Ziwa Natron. Lakini mlinganishe kwa haki. Heroe wa Natron anataka magadi, anataka kina cha maji kinachomfaa, akikerwa anahama. Huyu wa plastiki anasimama kwa miguu ya waya katika theluji ya Minnesota hadi Aprili, na hajawahi kuomba ahifadhiwe.

Wanaopenda mapambo yasiyo na kazi wana mfano mkubwa zaidi kwenye matrela ya Shasta. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni hiyo ilikuwa ikibandika nyuma ya trela, kila ubavu, bawa moja la alumini. Bawa halirushi chochote. Halipunguzi upepo, halibebi mzigo, halikingi jua. Mhasibu yeyote mwenye akili angelifuta kwenye mchoro. Mwaka 2015, kampuni iliyorithi jina hilo ilipoamua kuunda upya mtindo wa mwaka 1961, ilitoa matrela 1,941 kwa heshima ya mwaka ambao Shasta ilianzishwa, na mabawa yakarudi yote. Ungeyaondoa, ungebaki na sanduku la bati ambalo hakuna mtu angelikumbuka.

Kwa nini mtu mzima ahangaike hivyo? Nimewasikia wenye hekima wakisema ni utoto, au ni kuzililia zama zilizopita. Mimi nadhani wangezunguka kwanza mitaa wanayoishi hao wapambaji. Nyumba ya kijivu, nyumba ya krimu, nyumba ya kijivu. Mwenye nyumba ameshaambiwa na dalali kwamba rangi kali inafukuza wanunuzi, basi anaishi miaka 30 ndani ya ladha ya mnunuzi ambaye hajazaliwa. Akijisahau akapaka mlango rangi ya embe, jumuiya ya wenye nyumba humwandikia barua. Sebuleni ana uwezo wa kila kitu na ruhusa ya karibu hakuna. Trela lililooza halina tatizo hilo. Thamani yake ilishakufa kabla hajalinunua, kwa hiyo hakuna dalali wa kumshauri. Ni chumba pekee anachomiliki ambacho soko limekikatia tamaa, na humo ndani ndipo anapogundua kwamba anapenda feruzi.

Wanawake waliliona hili mapema. Sisters on the Fly, umoja wa wanawake ulioanzishwa mwaka 1999, husafiri kwa misafara ya vitrela vya zamani, kila kimoja kimechorwa na mwenyewe anavyotaka, wengi wakijichora kama wachunga ng'ombe wa kike wa magharibi. Waume hawaalikwi, watoto hawaalikwi. Bibi zetu wa vyama vya lelemama, waliokuwa wakishindana kwa sare na vishindo, wangewaelewa bila mkalimani, na nadhani wangewazidi kwa mapambo.

Turudi Minnesota, ambako suala la mapazia lilileta mgogoro. Dada hakutaka kile kitambaa cha vimraba ambacho kila mtu anacho, alitaka kanga. Sifa nyingine ya trela dogo ni kwamba doti moja inatosha madirisha yote na kipande cha kufutia vyombo kinabaki. Waliteta juu ya jina la kanga. Shemeji alitaka lenye mafumbo ya kumjibu jirani. Dada akashinda na "Nyumba njema si mlango". Ila mkasi haujui methali. Kanga ilipokatwa kufuata vipimo vya madirisha, "Nyumba njema" ikaangukia upande wa jiko, na "si mlango" ikakaa sawasawa kwenye kidirisha cha mlango. Nao kweli si mlango, maana haufungi.

Wenye kulaumu wanasema trela dogo halina nafasi. Naam, na ndiyo maana linaleta watu pamoja. Meza ya kulia chakula hushushwa usiku ikawa kitanda, kwa hiyo wa kwanza kusinzia anaamua saa ya wote kulala. Anayelala ukutani akitaka kwenda haja usiku, anayelala nje huamka kwanza, husimama, husogea jikoni, na jikoni ni pale pale aliposimama. Ndoa hapo haiwezi kuwa na siri wala kinyongo cha kimya. Kinyongo kinahitaji vyumba viwili.

Kuhusu mizigo niwaonye wapambaji, kwa mapenzi. Trela linalovutwa linataka kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake iegemee mbele, kwenye tufe la chuma linaloliunganisha na gari. Ukipanga vitu vizito nyuma, mbele kunakuwa kwepesi, na barabarani mkia unaanza kucheza chakacha, kwanza taratibu, kisha unaliongoza gari wenyewe. Mwaka 1954 Lucille Ball na Desi Arnaz walicheza filamu nzima juu ya jambo hili, The Long, Long Trailer: bibi harusi anakusanya mawe ya ukumbusho kila wanaposimama, mume anamwambia ayatupe, yeye anayaficha ndani ya trela, kisha wanapanda mlima. Watazamaji walimcheka. Dada yangu aliitazama akauliza mawe yale yalikuwa ya rangi gani.

Lakini hatari hiyo ni ya wanaosafiri, nao ni wachache. Sikatai kwamba matrela yameona dunia. Byam, yule wa Airstream, aliongoza msafara wa matrela 41 kutoka Cape Town mwaka 1959 hadi Kairo mwaka 1960, wakipita Kenya, wakakwama na kukwamuka katika barabara za Ethiopia, wakapokelewa na Haile Selassie mjini Addis Ababa, mwisho wakayapanga mbele ya piramidi. Ni jambo kubwa. Trela la shemeji lilitoka nyuma ya gereji likaja mbele ya gereji, na kwa hilo tu lilizua mengi. Wapita njia walisimama kulitazama. Wazee waliomba kuingia, wakaketi kwenye benchi, wakaanza kusimulia safari za baba zao bila kuulizwa. Mmoja alilia kidogo, akasingizia harufu ya vanishi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hili la kwetu ni baya lisilojitembeza hata hatua moja, na wateja walilijia.

Barua ya jumuiya ya wenye nyumba ilifika, bila shaka. Ilisema chombo kile hakiruhusiwi kukaa mbele ya nyumba zaidi ya saa kadhaa. Shemeji akakisukuma kwa rafiki yake, Mkongo wa Bukavu mwenye kiwanja nje ya mji, na sasa kila Jumamosi familia mbili zinajibana humo kunywa chai ya tangawizi chini ya dari inayovujia ndani ya beseni. Beseni lenyewe wamelipaka feruzi.

Gharama sitazitaja, dada anasoma magazeti. Itoshe kusema kwamba kwa fedha iliyotumika wangelala hotelini majira mengi ya joto, mahali pakavu, wakiwa na kitanda kisichokuwa meza saa mbili zilizopita. Wangerudi nyumbani wamepumzika, na hakuna mtu barabarani ambaye angewasimamisha.

Basi nawe ukipita siku moja kwenye uwanja wa mtu huko Marekani ukaliona, matairi yamelala, majani yameota kwenye luva za madirisha, usilikimbilie kwa furaha. Omba ruhusa uingie. Nenda kwenye kona ya nyuma, chini ya dirisha, pale plaiwudi ilipobadilika rangi, uibonyeze kwa kidole. Kikizama hadi kifundo, toa uso wa huzuni, tikisa kichwa, mwambie mwenyewe kwamba limekwisha kabisa. Kisha uliza bei.