Nadharia ya Volontia Anayerudi

Mabibi na mabwana, wenye vituo vya kulelea watoto, mameneja wa vituo, na nyinyi wa viti vya nyuma ambao bado mnatafuta kiwanja: itifaki imezingatiwa. Aliyetakiwa kunitambulisha ameomba udhuru baada ya kuusoma wasifu wangu, hivyo nitajitambulisha mwenyewe. Mimi ni Bingwa wa Taaluma ya Marejeo, Kanda ya Moshi na Arusha. Shahada ya uzamivu nilijitunuku, kwa kuwa hakikupatikana chuo chenye ubavu wa kunitahini.

Mada ya leo: volontia hurudi kwa nini? Simsemi yule anayekuja mara moja, akapanda Kilimanjaro, akapiga picha na mtoto mgongoni, akapotea. Namsema binti aliyekuja akiwa ndiyo kwanza amemaliza shule, akalia pale uwanja wa ndege wa KIA siku ya kuondoka, akaapa kurudi, na likizo iliyofuata akarudi kweli, na mabegi mawili ya nguo na kadi ya benki ya baba yake. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakuota kwamba atakuja mgeni atakayelipa kwa wiki ili alishike hilo jembe.

Tuanzie getini, maana taaluma yangu yote iko getini. Gari likisimama, watoto watoke mbio, wamrukie, wamng'ang'anie miguuni, wadogo wagombee vidole vyake. Atafuta machozi na kusema, "Wamenikumbuka!" Msimsahihishe. Juzi fundi wa majitaka alipokuja kuzibua choo walimkumbatia vilevile, na yeye ilikuwa mara yake ya kwanza kufika.

Sasa mlinganishe na mtoto wa nyumba ya pili, anayelelewa na mama yake. Mgeni akimwita, anakimbilia nyuma ya kanga ya mama na kuchungulia kwa jicho moja. Mtoto wa namna hiyo hafai kabisa kwa shughuli zetu. Ana mtu wake.

Wapo wanaodai kwamba kumkimbilia kila mgeni ni dalili ya mtoto aliyebadilishiwa walezi mno. Mwaka 1951 John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti nzima kuhusu mtoto kuhitaji mlezi mmoja wa kudumu. Bowlby alifariki 1990, jambo lililomnusuru na mdahalo nami. Kisha wakaja watafiti wa Bucharest, wakachukua watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika taasisi za Romania, nusu wakapelekwa kwa familia za malezi kwa bahati nasibu. Waliokwenda kwenye familia waliendelea vizuri zaidi kwa akili na kwa kushikamana na walezi wao. Nauliza: je, walipima idadi ya mavolontia waliorudi? Hawakupima. Utafiti umeanguka.

Nguzo ya pili ni ukuta. Volontia hawezi kukaa wiki tatu bila kupaka kitu rangi. Kuna bwalo moja ninalolishauri, karibu na swichi ya taa rangi imebanduka, nami husimama pale na wanafunzi wangu kama mwanajiolojia. Juu kijani, chini yake njano, chini ya njano bluu, na kwenye bluu kiganja cha mtoto kimepigwa chapa, na herufi mbili za jina lake. Mwenye kiganja hicho sasa anaota ndevu, na bado anahesabiwa miongoni mwa "wadogo zetu" kwenye kipeperushi. Fundi rangi wa mtaa ule huketi nje kwenye benchi kila Agosti, brashi mapajani, akisubiri mavolontia waondoke aje kunyoosha kingo na kusafisha madirisha. Huyo naye ni mnufaika wa mradi.

Na viatu walivyoleta mavolontia mwaka jana, naomba mviache stoo. Mtoto mwenye viatu hamlizi mtu.

Hapa tunafika kwenye kiini, na naomba wenye simu mzizime. Ili volontia arudi, mtoto lazima awepo. Mnaliona tatizo? Mashirika ya watoto yanasema kwa miaka sasa kwamba takriban watoto 8 kati ya 10 walioko vituoni duniani wana mzazi hata mmoja aliye hai. Wazazi hao, pamoja na mabibi na mashangazi, wana tabia mbaya ya kupata nafuu. Shamba linatoa mahindi, mdogo wa marehemu anapata kazi, wanakuja kumdai mtoto wao mwezi Mei, wakati tiketi za Juni zimeshakatwa! Binti amevuka bahari, amemletea Baraka mpira, halafu aambiwe Baraka yuko Rombo kwa bibi yake, anachunga mbuzi na amenenepa? Atarudi tena kwa nini?

Sheria nazo zina kelele. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kituo kiwe na leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Uhamiaji wanataka anayejitolea awe na kibali cha ukaazi cha daraja C. Viza ya kawaida ya dola 50 ni ya matembezi. Nimewafundisha mavolontia wangu wakiulizwa waseme wamekuja kuona tembo. Rwanda walianza 2012 kuwarudisha watoto kwenye familia. Kenya wakatoa mkakati wa miaka kumi mwaka 2022, wenye nia hiyohiyo. Bunge la Australia liliiweka biashara hii ya vituo na mavolontia ndani ya uchunguzi wake wa utumwa wa kisasa, 2017, na Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo likatia neno. Hata J.K. Rowling, mwandishi wa riwaya, mwaka huohuo jijini London, aliwasihi vijana wasiende kujitolea vituoni. Mwanamke aliyetajirika kwa habari za yatima! Na yatima mwenyewe alimweka kwa dada wa mama yake, kwenye kabati chini ya ngazi, bila volontia hata mmoja.

Nilikusudia kumalizia na chati, ila umeme umekatika. Tuchukue swali moja. Ndiyo, mama wa kitenge, karibu na mlango, umenyanyua mkono tangu nilipokuwa kwenye ukuta. Anauliza: hela ya wiki moja ya volontia, akipewa bibi, itamlea mjukuu kwa muda gani?

Mama, hesabu si fani yangu. Naambiwa mama huyu hayumo kwenye orodha ya waalikwa. Amekuja kumfuata mjukuu wake, na nauli ya watu wawili ameifunga kwenye pindo. Meneja, mwambie ofisi ya kutoa watoto inafunguliwa Septemba, wageni wakishaondoka.

Sasa, wapendwa, posho. Fomu iko kwa katibu, mpange foleni moja, na aliyesaini mara mbili semina iliyopita ajue nimemwona.